Kadi Iliyogoma Kufunguka

Chooni kwetu, usawa wa macho ya aliyekaa,
inaning'inia kalenda isiyo na mwaka:
majina tu na tarehe, hamsini na mawili.
Ndivyo tulivyo hapa Delfzijl.
Ukikaa unasoma nani anatimiza umri kesho,
ukiinuka una deni.

Kadi moja dukani, gilda tatu kasorobo.
Stempu mbali.
Harm alipopunguzwa kiwandani
nilizidisha nyuma ya risiti ya mkate,
na jibu likanitazama
kama mwenye nyumba aliyekuja kabla ya tarehe.

Nikasema, mikono si ninayo?

Katalogi ya mbegu nikaikata: karoti zikawa mishumaa,
vitunguu vikaota miguu, vikawa vifaranga.
Karatasi ya ukutani iliyobaki chumbani kwa Jelte,
ile ya treni ndogo, ikatosha wapwa sita.
Bahasha za benki nikazigeuza, ndani ikawa nje,
habari mbaya zikatazama ukuta.
Harm akafungua gazeti lake akakuta dirisha
palipokuwa na matokeo ya mpira.
Hakusema kitu. Alinichungulia kupitia hapo.

Mzee Folkert alipotimiza themanini nilimwandikia:

    Mwaka ni kama jibini,
    hukomaa kabatini,
    usihesabu usoni,
    kata kipande, na tule.

Akaja mlangoni na jibini yenyewe. Hiyo nayo niliiweka kwenye mapato.

Lakini nisikufiche daftari.
Gundi. Mkasi wa kukata mawimbi, gilda tisa, Mungu anisamehe.
Utepe. Unga wa kumetameta
ambao hata leo umo kwenye nyusi za mume wangu.
Hadi Machi akiba yangu ilikuwa chini ya sifuri,
na Mei ndipo ilipochomoza kichwa:
senti arobaini.
Nilizipanga mezani, nikazitazama zinavyong'aa,
nikazirudisha kwenye kopo.

Kisha Juni, tarehe kumi na tisa. Wubbina.

Dada yangu yuko Ontario mwaka wa ishirini na mbili.
Tangu baba azikwe, tangu ile saa ya ukutani
ivuke bahari bila mtu kuniuliza,
tumekuwa tukitumiana kadi za dukani.
Kadi ya dukani ina huruma yake:
imeshasema, wewe weka jina tu.
Yangu ilikuwa tupu ndani,
nyeupe kama shuka iliyotandikwa kumsubiri mgonjwa.

Niliketi mpaka kahawa ikaota utando.
Mbele nilibandika saa, niliyoikata kwenye tangazo.
Ndani niliandika. Nikararua.
Nikakunja karatasi nyingine, hasara hiyo,
nikaandika tena bila kuinua kalamu,
nikaifunga haraka, gundi ikiwa mbichi,
nisije nikajisoma.

Wiki mbili. Simu.

"Geesje."
"Naam."
"Kadi imefika. Imegandana.
Nimejaribu kisu cha siagi, nimejaribu mvuke wa birika,
saa imepoteza mshale mmoja.
Uliandika nini humo?"

Nikasikia, nyuma yake, mbali,
saa ya baba ikigonga saa yao, si yetu.

"Nipigie wewe," akasema, akakata.
Ubahili kwetu ni wa ukoo.

Harm akazima redio, akatoka kwenda kuangalia baiskeli
ambayo haikuwa na tatizo lolote.
Nikazungusha namba zote kumi na tatu.
Maneno niliyoyamaliza kwenye karatasi kwa dakika tano
mdomoni yalitaka saa nzima,
na katikati yake tulicheka kidogo kuhusu gundi,
na kuna mahali hatukucheka.

Bili ilikuja Julai.
Ilizidi kadi za dukani za mwaka mzima.
Nikafungua daftari, nikachonga penseli,
nikaandika: gundi, moja.
Bili nikaikata. Nyuma yake ni nyeupe, nzuri,
na Agosti ina majina manane.